Walio Nyuma Msiharakishe

Sauti ilimfikia kabla hajamwona mwenyewe. Kwanza ulikuja mkwaruzo, kama mtu anayechana gazeti ndani ya sikio. Kisha pumzi. Kisha kile kikohozi kifupi ambacho Casilda angekitambua hata kama angeamshwa nacho kaburini.

"Habari za mchana, wageni wangu! Naitwa Zoilo Baena. Mpaka jioni mimi ni mali yenu, kwa hiyo mtu asije akanipoteza."

Basi lilikuwa bado linatafuta mahali pa kusimama kando ya mto. Wazee waligusa vispika vyao masikioni, wakatazamana, wakacheka kama watoto waliosikia redio ikiwataja majina. Casilda hakucheka. Alikuwa amesimama mbele, karibu na dereva, paji la uso limeegemea kioo, na ubaridi wa kile kioo ndicho kitu pekee kilichomfaa tangu walipoondoka Toledo asubuhi.

"Dada, mtu wako huyo," alisema Eutimio, dereva, huku akizungusha usukani kwa kiganja kimoja. "Leo ameanza hata sijafungua mlango."

"Si mtu wangu."

"Haya, si wako. Basi ni wa nani? Maana miaka sita naegesha basi hapa, na miaka sita wewe unapaka rangi ya mdomo tangu kule kwenye kituo cha mafuta. Leo hujapaka."

"Nimechoka, Eutimio."

"Uchovu wa miguu au wa moyo?"

"Fungua mlango."

Eutimio alifungua mlango. Mtu aliyeendesha mabasi maisha yake yote anajua ni wakati gani abiria hataki mazungumzo.

Casilda Villalpando alikuwa mzaliwa wa Toro, nchi ya mizabibu na upepo, lakini mtu akimuuliza anaishi wapi ilimbidi afikiri kwanza. Kuanzia majira ya kuchipua mpaka baridi inapoingia alizunguka na makundi: Madrid, Toledo, Córdoba, Granada, kisha kurudi, kisha kundi jingine. Alibeba vidonge vya presha vya watu wengine. Aliamka hotelini akipapasa ukuta wa kushoto kutafuta taa iliyokuwa kulia, kwa sababu taa ya kushoto ilikuwa ya mji wa jana.

Na kazi yake ilikuwa na sheria moja ambayo wasafiri hawakuielewa kamwe. Kila mji una mwongozaji wake, mtu wa palepale, aliyefanya mtihani wa pale na kupewa kibali cha pale. Casilda akishafika mlangoni pa mji, alimkabidhi mwenzake kundi, kisha yeye alifunga mdomo. Haruhusiwi kueleza hata nguzo. Kazi yake ilibaki kutembea nyuma kabisa, pamoja na wenye magongo na wenye magoti mabovu, asipotee mtu.

Hivyo ndivyo mapenzi yao yalivyoanza, na hivyo ndivyo yalivyoishi: yeye nyuma na kispika sikioni, Zoilo mbele na maiki shingoni. Kispika kinasikia tu, hakijibu. Miaka sita Casilda alikuwa amependa sauti asiyoweza kuijibu ila katika dakika za kukabidhiana, mlangoni pa basi, na katika zile nusu saa za kuiba ambapo wageni huachiwa wanunue sabuni na feni za mkono.

Leo alikuwa amekuja kuyamaliza. Bosi wake alikuwa amempa safari za kaskazini kuanzia Januari: Burgos, León, mpaka Santiago. Alitaka jibu kabla ya jioni. Huko hakuna Córdoba njiani. Casilda alikuwa ameshaandika "Nakubali" katika simu yake. Kilichobaki ni kubonyeza. Alitaka tu kumwambia Zoilo kwanza, uso kwa uso, kama watu wazima.

Zoilo alikuwa amesimama chini ya ngazi ya basi, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi na mama yake, nywele zimeanza kuwa kijivu juu ya masikio. Waliangaliana. Macho ya Zoilo yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Akaziba maiki kwa kiganja.

"Wangapi?" aliuliza.

"Kundi zima, na wote hai."

Hilo lilikuwa jibu lao la miaka yote, na Zoilo daima hulijibu, "Tusubiri tuone baada yangu." Leo hakujibu. Alimwangalia midomo isiyo na rangi, kisha akatazama mto.

"Jana nilizungumza na mama," alisema.

Moyo wa Casilda ulishtuka kama mtu aliyekosa ngazi gizani. "Akasemaje?"

"Baadaye."

"Mimi pia nina neno."

"Najua. Nimekuona usoni. Baadaye, Casilda." Akaondoa kiganja, na ile sauti ya kazi ikarudi, changamfu kama bendi ya harusi. "Haya wageni wangu, tunaanza!"

Safari ya Msikiti Mkuu wa Córdoba haina njia fupi. Kwanza michungwa ya uani, halafu kiza, halafu zile nguzo, msitu mzima wa nguzo, na matao mekundu na meupe juu yake. Kundi lilizama ndani. Casilda alibaki nyuma na Bi Visitación, ambaye kila mtu basini alimwita Bi Visi, mjane wa kijijini León mwenye gongo, kofia ya sufu na ulimi ambao haukupata kuzeeka pamoja naye.

"Mwanamume yule ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni," alisema Bi Visi.

"Ndiyo, Bibi. Angalia hapo kuna ngazi."

"Ameoa?"

"Bado."

"Na wewe?"

"Ngazi nyingine, Bibi."

"Ahaa." Bi Visi alisimama kupumua, akaegemea nguzo ambayo haikuruhusiwa kuegemewa. "Mama yangu alikuwa na wimbo wake akikanda unga. Nikikuangalia unanijia mdomoni." Akaimba kwa sauti ndogo, ya kukwaruza, wala hakujali walinzi:

*Nilimpenda wa njia,*
*akapita na vumbile;*
*dirisha sikulifunga,*
*vumbi li ndani milele.*

Casilda alijifanya anafunga kamba za kiatu.

Maana alikuwa anasubiri. Ndani ya Msikiti kuna mahali, karibu na mihrabu, ambapo Zoilo husimama siku zote, akageuka, akatazama juu ya vichwa vya watu mpaka nyuma kabisa, na kusema katika maiki: "Walio nyuma, msiharakishe. Nawangoja." Wazee hudhani anawaambia wao, wakambariki kwa huruma yake. Casilda peke yake ndiye aliyejua neno lile ni la nani. Aliwahi kulisikia akiwa na homa, aliwahi kulisikia wiki aliyomzika baba yake, na kila mara miguu yake ilipata nguvu ya kufika Granada.

Zoilo alifika mahali pale. Akasimama. Akageuka, akatazama nyuma, macho yao yakakutana kupitia matao na matao. Casilda alisikia pumzi yake sikioni, akasikia koo lake likimeza mate.

"Upande wa kulia, wageni wangu," alisema Zoilo, "tazameni dari."

Ni hayo tu. Akaendelea mbele.

Casilda alichomoa kispika sikioni, akakitia mfukoni. Kumbe ndivyo mambo yanavyokwisha, alijiambia. Hakuna mlango unaobamizwa wala machozi, ila neno linakosa kusemwa na nguzo zinabaki zimesimama vilevile. Kuanzia hapo alitembea katika ukimya. Waliporudi uani kwenye michungwa alikuwa ameinamisha kichwa, akimshika Bi Visi mkono, na hakuangalia tena mbele.

Kituo cha mwisho siku zote kilikuwa nyumba ya akina Baena. Katika mtaa ule mwembamba nyumba zote zinafungua milango ya nyua zao kwa wageni, lakini ua wa Mama Fuensanta ulikuwa na sifa yake: kuta nne zilizofunikwa vyungu vya buluu toka chini mpaka darini, maua yakining'inia, kisima katikati, na viti vya mwanzi kwa waliochoka. Mwenyewe alisimama mlangoni na aproni nyeusi, akipokea viingilio bila kutabasamu.

"Karibuni. Msiguse. Karibu, Mama. Usiguse." Casilda alipofika mbele yake, Mama Fuensanta alimtazama toka viatu mpaka nywele. "Wewe ndiye wa mabasi."

"Ndiye mimi, Mama. Hujambo?"

"Bega linaniuma. Ingia."

Zoilo alisimama kando ya kisima akawaonyesha wageni namna vyungu vya juu vinavyomwagiliwa: mwanzi mrefu, na ncha ya mwanzi imefungwa kopo. Unachota, unanyanyua, unaelekeza juu mpaka ukutani, unainamisha taratibu. Ni kazi ya kila jioni, alisema. Ukikosa jioni moja ya kiangazi, maua hayatakusamehe. Casilda aliangalia juu, akaona jambo ambalo hakuligundua safari zilizopita: safu ya juu kabisa ilikuwa imekauka. Majani ya kahawia, mashina matupu.

"Sasa pumzikeni," Zoilo alimaliza. "Kaeni, pigeni picha, muulizeni mama yangu siri zake ingawa hatawaambia. Narudi sasa hivi."

Akapita karibu na Casilda, akasema bila kumtazama, "Njoo."

Kati ya ua na jiko kulikuwa na ujia mwembamba wenye giza, uliotundikwa masufuria ya shaba. Toka jikoni ilikuja harufu ya kitunguu saumu na mkate wa jana. Walisimama pale, kila mmoja na ukuta wake wa kuegemea.

"Anza wewe," alisema Zoilo.

"Anza wewe. Mama alisemaje?"

"Alisema hapana." Zoilo alijipangusa uso. "Alisema, 'Mwanamke anayelala kila usiku mji mwingine, ndiye utakayeniletea? Siku nikianguka kisimani atanisikia akiwa Toledo?' Nikamjibu. Akanijibu. Tukapigizana kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ndiyo hivyo. Sasa sema lako."

"Nimepewa safari za kaskazini. Kuanzia Januari."

"Na utakwenda."

"Jibu nimeshaliandika."

Zoilo alicheka kicheko kikavu. "Umeandika. Mimi nakesha nikigombana na mama yangu mzazi, mwenzangu yuko kwenye basi anaandika. Vizuri sana. Miaka sita nasimama mlangoni pa basi lile kama punda wa kinu, nazunguka palepale, nikidhani nasaga unga!"

"Usinipigie kelele."

"Nani anapiga kelele?"

"Wewe. Hata kwa kunong'ona unapiga kelele." Casilda aliuacha ukuta wake. "Miaka sita, Zoilo! Nilikuambia mwaka wa kwanza, nipeleke kwa mama. Ukasema baada ya maonyesho ya maua. Mwaka wa pili, baada ya operesheni ya macho yake. Mwaka wa tatu sijui nini. Mvumilivu hula mbivu, sawa, lakini hata embe ukiliangalia tu huoza! Unajua mimi nimeingia nyumba hii mara ngapi? Hazihesabiki. Na kila mara nimelipiwa kiingilio. Sijawahi kuvuka mlango huu ila katika kundi. Hapa tulipo leo, karibu na jiko, ndiyo mara ya kwanza."

Zoilo alitazama mlango wa jiko, kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Na mama yako usimlaumu," aliendelea Casilda, na sasa sauti ilikuwa imeshuka, imechoka. "Hana kosa. Kwetu Toro baba yangu alikuwa dereva wa malori. Mama alikaa dirishani miaka yote, chakula kikipoa, akisikiliza kila gari. Niliapa sitakuwa mwenye kungoja. Kumbe nikawa lori. Ningekuwa mimi na mtoto wa kiume mmoja, na nyumba ya kumwagiliwa kila jioni, nami ningemwambia asilete mke wa kuonekana kama mvua ya jangwani. Mama yako ana haki. Safu ya juu yote imekauka, umeiona? Yule mama hawezi tena kunyanyua mkono, na wewe unawaeleza wageni jinsi ya kumwagilia badala ya kumwagilia!"

"Nafika nyumbani usiku."

"Basi ninyi wawili mnahitaji mtu anayefika jioni. Mimi si mtu huyo. Mimi ni mwanamke wa mchana mmoja kwa wiki."

"Unaweza kufanya mtihani wa hapa." Zoilo alisogea. "Nimekuambia mara elfu. Upate kibali cha hapa. Maneno yangu yote unayajua kwa moyo."

"Nikunyang'anye wageni?"

"Ninyang'anye! Ninyang'anye wote, nibaki na mmoja."

Casilda nusura acheke. Badala yake machozi yalikuja, machozi ya uchovu, yale yasiyoomba ruhusa. "Kama unanitaka hivyo, kwa nini leo hukusema? Pale karibu na mihrabu. Ulinitazama, ukanyamaza. Ukasema dari! Nimeishi kwa neno lile miaka sita, Zoilo. Nimekubali makundi mabovu ya Agosti, nimebadilishana zamu na kila mtu ofisini, ili nipite Córdoba nilisikie. Leo ukaninyima. Mimi nikaelewa."

Zoilo alimwangalia kama mtu aliyepigwa kofi asilolitarajia.

"Nilisema."

"Hukusema."

"Pale ndani koo liliniziba, nikaona nitalia mbele ya wazee wa watu. Nilisema nje, kwenye michungwa. Nilisimama, nikasema mara mbili. Mara mbili, Casilda! Nikakuangalia, na wewe hukuinua hata macho. Nikajua umeshaondoka ungali hapa."

Casilda aliingiza mkono mfukoni polepole. Akakitoa kile kispika, kidogo, cheusi, kimekaa kiganjani kama mbegu.

"Nilikuwa nimeshakivua," alisema.

Masufuria ya shaba yaliwatazama. Zoilo alinyoosha mkono, akaushika ule mkono wenye kispika, akaufunika kwa viganja vyote viwili, na hapo, katika ukimya ule, ndipo walipotambua kwamba ukimya wa nje ulikuwa mkubwa mno. Uani kulikuwa na wazee kundi zima, na hakuna aliyekohoa. Hakuna kiti kilicholia.

Gongo liligonga sakafuni: ko, ko, ko. Kofia ya sufu ikachungulia ujiani.

"Samahanini, wanangu," alisema Bi Visi kwa adabu kubwa. "Maiki."

Zoilo alitazama kifuani pake. Kijitaa chekundu cha maiki kilikuwa kinawaka.

"Mungu wangu," alisema, na uani vispika vyote vikasema pamoja naye.

"Msione haya. Alisema kweli, binti, mimi shahidi. 'Walio nyuma, msiharakishe, nawangoja.' Mara mbili. Nikafikiri analihurumia goti langu." Bi Visi alivuta pumzi. "Lakini tokeni nje sasa. Kuna mtu anawataka."

Walitoka. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya mwanzi kama walio kanisani, vidole masikioni, baadhi na leso. Mzee mmoja alianza kupiga makofi, mkewe akamfinya. Na kando ya kisima, mwanzi mrefu wa kumwagilia ukiwa umelala magotini pake, alikaa Mama Fuensanta, sikioni mwake kikining'inia kispika cha Bi Visi.

"Nilimpa changu, mimi nikasikiliza kwa jirani," Bi Visi alieleza. "Nilimwambia, sikiliza mwenzangu, hii ni bora kuliko tamthilia ya mchana."

Zoilo alikuwa mwekundu mpaka shingoni. "Mama..."

"Nyamaza. Wewe umeshasema vya kutosha leo, mtaa mzima umesikia." Mama Fuensanta hakumtazama mwanawe. Alimtazama Casilda, na safari hii hakuanzia viatuni. "Nimeishi miaka sabini na minane. Nimetukanwa, nimesifiwa. Lakini kutetewa kisirisiri na mtu niliyemsema vibaya, hilo halijapata kunifika."

"Sikujua kama unasikia, Mama."

"Ndiyo maana nimeamini." Alipapasa mwanzi. "Na wala usidhani nimelainika. Mimi sikumkataa mwanamke. Nilikataa mwanangu kuoa basi. Basi halikai mezani. Basi halijui kama nimeamka. Bega hili limekwisha. Tangu Agosti natazama vyungu vya mume wangu vikifa kule juu, yeye ndiye alivitundika, na mkono haufiki. Nyumba inataka mtu aliyepo, binti. Si malaika. Aliyepo tu."

"Naelewa."

"Huyu huwaambia walio nyuma kwamba anawangoja. Ni kijana bado, anao muda wa kugawa. Mimi sinao. Kama huji, niambie huji, nife na vyungu vyangu kwa amani. Kama unakuja, niambie lini."

Kutoka kando ya mto ilisikika honi ya Eutimio, ndefu, kisha fupi. Granada ilikuwa inangoja, chakula cha jioni cha hotelini kilikuwa kinangoja, na mizigo na vidonge na taa iliyo upande usiojulikana. Wazee waliangalia saa zao, lakini hakuna aliyenyanyuka.

Casilda alikuwa amechoka. Alichoka miguu, mgongo, mpaka kope za macho. Lakini alipokuwa amesimama pale alitambua kitu cha ajabu kidogo: uchovu wake haukumtaka aondoke. Miaka yote alikuwa akiutii kwa kupanda basi, kumbe uchovu wenyewe ulikuwa ukiomba kiti.

Alitoa simu. Akakisoma kile alichokiandika, akakifuta herufi kwa herufi, akaandika kingine kifupi, akabonyeza. Zoilo aliona neno moja tu juu ya bega lake, nalo lilikuwa "Siendi."

Kisha Casilda alimgeukia, akainua mikono, akamvua ile maiki shingoni. Ilikuwa na joto la kifua chake. Akajivisha. Bila shaka ilikuwa kinyume cha sheria: katika mji huu yeye hana kibali, haruhusiwi kueleza hata nguzo. Lakini yeye hakuwa anaeleza kitu. Miaka sita alikuwa upande wa kusikia, na sasa kijitaa chekundu kilikuwa kinawaka juu ya moyo wake mwenyewe, na wazee wote walikuwa wameinamisha vichwa kumsikiliza.

Akakohoa kikohozi kifupi.

"Mama Fuensanta," alisema, na yule mama akashtuka, akagusa sikio lake, kwa sababu sauti ilikuwa imemwingia ndani kabisa, karibu kuliko pumzi. "Hawa nimewachukua makwao, lazima niwarudishe makwao. Jumamosi nitawafikisha Madrid. Jumapili nitapanda treni, peke yangu, bila kundi, na nitagonga mlango wa jikoni. Kiingilio sitoi. Mabasi nayaacha, mtihani wa hapa nitaufanya. Bega lako lipumzike, vyungu vya juu usiviguse. Jumapili jioni nitavimwagilia mimi, na kila jioni itakayofuata, mpaka nawe uchoke kuniona."